Mkono mmoja, vipanya vitatu: kisa cha mwandaaji wa kadhia Gerezani

Aliweka boksi mezani kwangu kabla hajaketi.

"Shikamoo dokta. Kitu chenyewe ndiyo hiki. Ofisini wamenitafutia wenyewe, wakasema hii ndiyo dawa ya mkono. Sasa mkono umezidi, na bega nalo limeanza."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza, utulie."

Ndani ya boksi mlikuwa na kipanya cha kompyuta cha wima, kile ambacho mkono unakishika kwa ubavu kana kwamba unampa mtu salamu. Kizuri, kipya, kimegharimu shilingi 85,000. Kabla yake alitumia kipanya cha kawaida kilichokuja na kompyuta, na hicho nacho kilimuumiza, ila kwa namna nyingine. Yaani mtu ana maumivu, ananunuliwa kifaa kilichoandikwa kwenye boksi kwamba kinazuia maumivu, kisha anapata maumivu mapya juu ya yale ya zamani.

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Dar es Salaam, na hakuna juma linalopita bila mtu kuniuliza, "Dokta, ninunue kipanya gani?" Wengi wanataka niwatajie jina la kampuni tu, waende dukani. Nimeomba ruhusa ya dada huyu nisimulie kisa chake chote, jina lake na la ofisi yake nikaviacha, kwa sababu kinaonyesha kuliko maelezo yangu yoyote kwa nini swali hilo silijibu kabla sijaushika mkono wenyewe na kuiona meza.

Mkono

Ana miaka 34. Anaandaa kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, katika ofisi ya wakala wa forodha maeneo ya Gerezani, karibu na bandari. Kwa asiyeijua kazi hiyo: mzigo ukifika, mtu anakaa na ankara, orodha ya mizigo na hati ya shehena, anaingiza kila bidhaa kwenye mfumo wa forodha pamoja na namba yake ya HS, ile ya kuainisha bidhaa, ya tarakimu 8, thamani, uzito na idadi. Kontena moja la vipuri vya magari linaweza kuwa na mistari zaidi ya 100. Ukikosea tarakimu moja, kodi inakosewa, mzigo unakwama, gharama za kuhifadhi zinapanda na mteja hakuachi upumue kwa simu. Kwa hiyo anayefanya kazi hii hukaza. Macho yanakaza, taya linakaza, na mkono uliokamata kipanya unakaza kuliko vyote.

Nilimwomba anieleze maumivu yake moja moja, asiyachanganye.

La kwanza lilikuwa na miezi mitano. Usiku wa manane anaamshwa na ganzi: kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakuwa kama vimevishwa glavu nene. Anaukung'uta mkono kama wauguzi wa zamani walivyokung'uta kipimajoto, anauning'iniza nje ya kitanda, na baada ya dakika chache hali inatulia. Nikamuuliza kuhusu kidole cha mwisho. Akafikiri kidogo.

"Hicho hapana. Hicho kizima kabisa."

Jibu hilo fupi lina uzito mkubwa. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba inayoitwa handaki la kapali. Sakafu na kuta zake ni mifupa, paa lake ni kano pana na ngumu isiyonyumbuka. Ndani yake hupita kano 9 za kukunja vidole, na katikati ya kano hizo imebanwa neva moja, neva ya mediani. Neva hii ndiyo inayohudumia hisia za gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina neva nyingine, ambayo haipiti humo. Kano zikivimba kidogo, au kifundo kikikaa kimekunjwa kwa muda mrefu, nafasi inapungua, na kwa kuwa paa halipandi, anayeumia ni neva. Usiku hali huzidi kwa sababu tunalala na vifundo vimejikunja bila kujua.

Kama ganzi ingekuwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, ningeacha handaki hili na kuchunguza kiwiko. Watu wanaoegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza mchana kutwa hupata hiyo, na hakuna kipanya kitakachowasaidia.

Maumivu ya pili yalikuwa na wiki tatu tu, yaani umri uleule wa kipanya kipya. Yalikaa upande wa gumba, juu kidogo ya kifundo, na yalichoma akifungua chupa ya maji au akimnyanyua mtoto kwapani. Bega la kulia lilikuwa zito kila jioni.

Nilimfanyia kipimo cha Phalen: migongo ya mikono inagusanishwa, vifundo vimekunjwa hadi mwisho, unasubiri dakika moja. Ganzi ilikuja kabla dakika haijaisha, kwenye vidole vilevile vitatu. Kisha kile cha Finkelstein, ambapo gumba linafichwa ndani ya ngumi na mkono unainamishwa upande wa kidole cha mwisho. Hapo aliruka. Zile kano mbili za gumba zilikuwa zimewaka. Nilitazama na kushika ile nyama nene chini ya gumba kwenye mikono yote miwili. Ilikuwa sawa kulia na kushoto, na hilo lilinipa faraja, kwa sababu nyama hiyo ikianza kupungua maana yake neva imeumia kwa muda na mgonjwa anatakiwa kwa daktari wa mifupa au wa neva bila kuchelewa.

Nikauliza maswali ambayo wengi huyaona hayahusiani na kipanya. Ana mimba? Hapana, ila alipokuwa na mimba ya mwisho vidole hivihivi vilikufa ganzi, na baada ya kujifungua vikapona. Kisukari? Amepima, hana. Tezi ya shingo? Hana tatizo linalojulikana. Mambo haya matatu, mimba, kisukari na tezi iliyolegea, yanaweza kuleta ganzi hii kwa mtu asiyegusa kompyuta kabisa, na yasipoulizwa utabadilisha vipanya kumi bila kupata unafuu.

Mwisho nikachukua rula. Kutoka kwenye mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati: sentimita 16.5. Mkono mdogo. Nikamwambia akishike kile kipanya cha wima. Kilimjaa. Kidole cha shahada kilifika kwenye kitufe kwa ncha tu, gumba likabaki limenyooka na kukaza, halina pa kupumzikia. Maumivu ya pili nikawa nimeyapatia asili yake.

Watu hawaambiwi hili wanapouziwa kipanya cha wima. Kwenye kipanya cha kawaida unabonyeza kuelekea chini, na meza ndiyo inayopokea nguvu. Kwenye cha wima unabonyeza kuelekea ubavuni. Usipokizuia kwa gumba, kitateleza. Kwa hiyo kila mbofyo wa shahada una mkazo wa gumba upande wa pili. Kikiwa cha saizi yako, gumba limelala kwenye kitako chake na mkazo huo ni mdogo. Kikiwa kikubwa, gumba linafanya kazi ya ukuta siku nzima, na dada huyu anabofya maelfu ya mara.

Bega sikulielewa mpaka nilipokwenda ofisini kwake.

Meza

Nilikwenda siku ya Jumatano mchana, nikaomba nikae pembeni yake nusu saa bila kusema lolote.

Ile meza ilikuwa ya mbao, imefunikwa kioo juu, kama meza nyingi za ofisi zetu. Chini ya kioo kuna kalenda, orodha ya namba za simu, picha ya watoto. Kioo kile kilikuwa na madhara mawili. Kwanza, kipanya cha mwanga hakisomi vizuri juu ya kioo, kielekezi, ule mshale wa kwenye skrini, kinarukaruka, na yeye alikuwa ametandika jalada la faili kuwa zulia la kipanya. Jalada linateleza, kwa hiyo anakamata kipanya kwa nguvu ili kulidhibiti. Pili, ukingo wa kioo ulikuwa umekatwa wima, mkali, na kifundo chake cha mkono kilikuwa kimelala juu yake palepale lilipo handaki. Alipoinua mkono niliona mstari mwekundu umechorwa kwenye ngozi.

Kiti kilikuwa kimekwisha nguvu, ukikaa kinashuka chenyewe. Yeye ana urefu wa sentimita 154. Meza ilikuwa na kimo cha sentimita 76. Kwa kiti kile viwiko vyake vilikuwa chini ya uso wa meza, na ili mkono ufike juu ilibidi mabega yapande na vifundo vipinde kurudi nyuma. Hakuna kipanya duniani kinachosahihisha hilo.

Halafu kibodi. Ilikuwa kibodi kamili, yenye kile kisehemu cha tarakimu upande wa kulia. Kibodi ya namna hiyo ina upana wa takriban sentimita 45, na herufi, ambazo ndizo unazokaa mkabala nazo, ziko upande wake wa kushoto. Kipanya kinawekwa baada ya tarakimu. Nilipima kutoka katikati ya kifua chake hadi kwenye kipanya nikapata sentimita 46. Mkono wake ulikuwa unafanya kazi nje ya mwili, umeelea, bega ndilo linaloubeba. Lile bega jamani! Kipanya cha wima, kwa kuwa ni kipana na kinataka nafasi, kilikuwa kimesukumwa mbali zaidi kuliko kile cha zamani.

Nilihesabu pia. Katika dakika kumi mkono wa kulia ulihama kutoka kwenye tarakimu kwenda kwenye kipanya na kurudi mara 58. Mkono wa kushoto ulishika karatasi, basi. Muda wote huo ulikuwa umelala juu ya ankara ukionyesha mstari kwa kidole.

Nilikaa na namba hiyo njia nzima ya kurudi. Ofisi iliuliza kipanya gani ni bora kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa unafanya kazi za mikono miwili.

Kuchagua

Nieleze nilivyopima njia zilizokuwepo, maana humo ndimo mlimo funzo kwa mwenye hali nyingine.

Kipanya cha wima cha saizi ndogo kilikuwa wazo la kwanza. Vipo. Logitech, kwa mfano, wana MX Vertical yenye mteremko wa nyuzi 57, na mwaka 2022 wakatoa Lift, yenye mteremko uleule, kwa mikono midogo na ya wastani, pamoja na toleo la wanaotumia kushoto. Faida ya mteremko ni ya kweli: kigasha, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo, kina mifupa miwili, na unapolaza kiganja kifudifudi mifupa hiyo inapishana na misuli inajisokota. Ukiusimamisha mkono, msokoto unapungua. Kwa mwenye maumivu ya kigasha na kiwiko mara nyingi hiki ndicho ninachoanza nacho. Lakini kwa ganzi ya neva ya mediani nina tahadhari. Utafiti uliochapishwa 2015 ulipima shinikizo ndani ya handaki lenyewe kwa wagonjwa wenye tatizo hili. Kipanya cha wima kilibadilisha mkao wa kifundo, shinikizo halikushuka. Utafiti mwingine, wa 1999, ulikuwa umeonyesha kwamba shinikizo hupanda mtu anapoburuta na kubofya kuliko mkono unapotulia tu juu ya kipanya. Nikiziweka pamoja naona kwamba kwa neva hii wingi wa kuburuta na kubofya una uzito kuliko umbo la kifaa. Na dada wetu tayari alikuwa na gumba lililowaka. Sikutaka kuliongezea.

Kipanya cha tufe, ambacho chenyewe hakisogei na unaviringisha mpira uliopachikwa juu yake, ni kizuri kwa meza finyu na kwa bega, kwa sababu mkono hausafiri. Kipo cha aina mbili. Kile cha mpira wa gumba nilikikataa papo hapo. Kile cha mpira mkubwa wa katikati, unaozungushwa kwa vidole viwili au vitatu, ningekikubali, ila bado kingekaa kulekule nje ya tarakimu.

Kibodi fupi isiyo na tarakimu ingeleta kipanya karibu kwa sentimita 9 hivi. Kwa mwandishi wa barua ningemwambia leo hii nenda kanunue. Kwa mtu anayeingiza namba za HS kutwa, kumnyang'anya tarakimu ni kumnyang'anya kazi.

Ikabaki njia moja. Kipanya kihamie kushoto. Kushoto hakuna tarakimu, kwa hiyo kipanya kinakaa karibu kabisa na herufi, bega limetulia, kiwiko kimegusa ubavu. Kulia kunabaki na tarakimu tu. Zile safari 58 zinakwisha.

"Dokta, kushoto?" Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Kushoto mimi hata kijiko sishiki."

Nilimwelewa. Tumelelewa hivyo, mkono wa kushoto haupokei kitu cha mkubwa, hauli, hausalimii, na ukikua nao hivyo unakuwa mzito kwelikweli. Nikamwambia hatuuhamishi kwa siku moja. Kompyuta inakubali vipanya viwili kwa pamoja, kimoja kulia, kingine kushoto, na vyote vinasogeza kielekezi kilekile. Wiki ya kwanza kushoto kutumike kusoma barua pepe na kuteremsha kurasa tu. Wiki ya pili, kadhia fupi. Kadhia ndefu na siku za msukosuko arudi kulia bila kujilaumu. Vitufe tusivigeuze kwenye mipangilio, maana ukigeuza vinageuka kwa vipanya vyote viwili na kichwa kitachanganyikiwa. Kwa mkono wa kushoto kitufe kikuu kibofywe na kidole cha kati.

Kwa kushoto basi tulihitaji kipanya cha tatu: chenye pande mbili zinazofanana, kisichopinda, kidogo, chepesi. Vipanya vingi vinavyouzwa kwa jina la afya ya mkono vimefinyangwa kwa mkono wa kulia. Kile tulichokitafuta ni cha kawaida mno. Kipanya cha kwanza kabisa, kilichotengenezwa 1964 katika taasisi ya utafiti ya Stanford kwa wazo la Douglas Engelbart, kilikuwa kisanduku cha mbao kinachoshikika kwa mkono wowote.

Kariakoo

Tulikwenda pamoja Jumamosi, upande wa Mtaa wa Aggrey. Nilibeba kompyuta yangu ya mapajani, rula, na kipande cha zulia la kipanya. Kijana wa duka la kwanza alikataa kufungua boksi. "Mama, ukifungua umenunua." Tukamshukuru, tukasogea. Sinunui kipanya kilichofungwa hata kama boksi lina jina kubwa, na Kariakoo majina makubwa kwenye maboksi ni mengi kuliko bidhaa zenyewe. Duka la tatu kijana alikuwa muungwana, akatutolea sita, akavipanga kwenye kaunta.

Nilimwambia dada afumbe macho, akishike kila kimoja kwa kushoto, aseme kiganja kinagusa wapi. Kwenye viwili vidole vilining'inia mbele ya vitufe, vipanya vyenyewe vifupi mno. Kwenye kimoja vilishindwa kufika. Vikabaki vitatu. Tukavichomeka kimoja kimoja, nikamwambia abofye mara hamsini kwa haraka bila kusimama. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kitufe kizito hukisikii mbofyo wa kwanza wala wa kumi. Wa arobaini unausikia kwenye kigasha. Kimoja kikatoka hapo.

Vilivyobaki, kimoja kilikuwa kimepakwa ule mpira laini unaoshikika kama velveti, na dada alikipenda. Nikamshauri asikichukue. Mpira ule kwa unyevunyevu wa pwani yetu, ukichanganyika na jasho, baada ya muda unayeyuka na kuwa nata, na kitu kikinata mkononi mtu hubadilisha namna ya kukishika bila kujua. Akachukua cha plastiki ya kawaida, chenye waya, kisicho na betri ya kukiongezea uzito. Shilingi 15,000. Zulia la nguo lenye kitako cha mpira, 5,000.

Kuna jambo nililokosea hapa na linanisumbua. Kwenye kaunta kulikuwa na mazulia yenye kimto cha jeli cha kuegemezea kifundo, nikamwambia achukue na hilo, kwa kufikiria ule ukingo wa kioo. Baada ya siku nne alinipigia kwamba ganzi sasa inakuja mchana. Kile kimto kilikuwa kinabonyeza handaki kutoka chini, na kwa kuwa kifundo kimeegemea mahali pamoja, kipanya kinasogezwa kwa kukipinda kifundo kulia na kushoto badala ya kuusogeza mkono mzima. Nilijua hili, nikalisahau mbele ya bidhaa. Tukakiondoa. Egemeo zuri ni la kigasha, juu ya meza yenyewe, kifundo kikiwa huru.

Ofisini tulifanya mengine ambayo hayakuwa na gharama kubwa. Kioo kiliondolewa. Kiti kikabadilishwa, kikapandishwa mpaka viwiko vikawa sawa na meza, na chini ya miguu yake tukaweka kiboksi cha karatasi za kuchapia kilichojaa. Kasi ya kielekezi iliongezwa kwenye mipangilio, ili msogeo wa sentimita chache uvuke skrini nzima. Bosi wake, mzee mwenye subira, aliuliza kwa nini kampuni ihangaike na kiti kwa ajili ya vidole. Nilimweleza kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri ahakikishe kazi haimuumizi mfanyakazi kadiri inavyowezekana, na kiti ni sehemu ya kazi. Akaagiza viti viwili.

Nyumbani

Haikutosha. Mkono huu hauishi ofisini tu.

Anaishi Kimara. Asubuhi anapanda mwendokasi hadi Gerezani, na siku nyingi anasimama, kakamata bomba la juu kwa mkono wa kulia, kifundo kimepinda. Jioni vilevile. Jumapili anafua nguo za watu watano na kuzikamua. Anasonga ugali. Na nazi anakuna mwenyewe kwenye mbuzi, kwa sababu mama mkwe hapendi ya pakiti. Nilimwomba anionyeshe kwa vitendo, hapo hapo kwenye chumba cha matibabu, anavyokamua shuka. Ngumi mbili, kifundo kimoja kinakwenda mbele kingine kinarudi nyuma, kwa nguvu zote. Ni lile lile gumba. Ni lile lile handaki.

Shuka na jinzi tukakubaliana zisikamuliwe, zining'inizwe zikichuruzika. Jua la Dar linatosha. Nazi, binti yake wa miaka 13 alifurahi kupewa. Ndani ya basi ashike kwa kushoto, au anyooshe kifundo akilishika bomba la wima. Simu kitandani aiweke juu ya mto, asiishike kwa mkono mmoja huku gumba likitembea nusu saa. Na usiku avae gango linaloshikilia kifundo kikiwa kimenyooka, lisibane, vidole vikiwa huru. Kwa ganzi ya usiku sijaona kifaa kinachofanya kazi haraka kuliko hicho, na hakina uhusiano wowote na kompyuta.

Yaliyotokea

Maumivu ya gumba yaliisha ndani ya wiki tatu tangu kipanya kikubwa kiondoke. Bega lilitulia mapema zaidi, siku ya nane aliniandikia ujumbe. Ganzi ya usiku, iliyokuwa ya kila siku, ilipofika wiki ya sita ilikuwa imebaki usiku mmoja au miwili kwa juma.

Mkono wa kushoto ulimsumbua. Wiki ya pili misuli ya kigasha ilichoka, na makosa ya kubofya yaliongezeka mpaka akatishia kuacha. Nilimpunguzia, tukarudi kwenye barua pepe tu kwa siku tano. Wiki ya tano alikuwa anaandaa kadhia nzima kwa kushoto bila kufikiri.

Mwisho wa mwezi wa pili wa matibabu, meli mbili zikapakua ndani ya wiki moja. Wakakaa ofisini mpaka saa nne usiku kwa siku sita, na ganzi ikarudi kila usiku. Hapo nikampeleka akapimwe kasi ya umeme wa neva, kwa sababu nilitaka kujua hali ya neva yenyewe badala ya kuendelea kukisia. Majibu yalionyesha kwamba imebanwa kwa kiwango kidogo. Daktari alishauri tuendelee na gango na mpangilio uleule, arudi baada ya miezi mitatu. Nimemwambia mambo matatu ya kumrudisha kabla ya hapo: ganzi ikikaa mchana kutwa bila kuondoka, akianza kuangusha vikombe, au ile nyama chini ya gumba ikionekana kubonyea. Hayo hayasubiri miadi.

Juzi nilipita ofisini kwao kukagua vile viti vipya. Alikuwa katikati ya ankara ya vigae, mkono wa kulia unapiga tarakimu, wa kushoto unabofya, na ankara imesimamishwa kwenye kishikio kati ya kibodi na skrini. Alinisalimia bila kuacha. Meza ya tatu kutoka kwake kuna kaka mmoja mrefu, mikono mipana. Nilimpima kwa rula ileile nikapata sentimita 20. Alikuwa anatumia kile kipanya cha wima cha shilingi 85,000, gumba limelala mahali pake, kigasha kimetulia juu ya meza.

"Mama, hiki kizuri sana," akaniambia. "Hivi kwa nini yeye alikikataa?"